Tathmini ya EQIP, mpango wa Marekani wa kumchangia gharama mkulima anayelinda maji

Serikali ya Marekani ina mpango unaojulikana kwa herufi za EQIP, ambao kazi yake ni kuchangia gharama za mkulima anayetaka kufanya shambani mwake jambo litakalozuia udongo, mbolea na samadi visiishie mtoni au ziwani. Mkulima huweka uzio ili ng'ombe wasishuke mtoni kunywa, hujenga hodhi la kuhifadhia samadi, au hupanda mazao ya kufunika udongo baada ya mavuno, kisha kazi ikishakaguliwa serikali humlipa sehemu kubwa ya gharama. Mpango huu ulianzishwa na sheria ya kilimo ya 1996 na huendeshwa na idara ya uhifadhi wa maliasili, NRCS, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Nimeuchunguza jinsi mtu anavyochunguza huduma yoyote anayotaka kuwashauri wengine waitumie au waiache, nikiwa na swali moja: anayehudumiwa hapa ni mkulima au ni ziwa? Jibu langu nalitanguliza ili msomaji asilitafute mwishoni. Mkulima aliyebahatika kuingia hupata huduma nzuri sana, ilhali ziwa hupata kile tu ambacho wakulima, kwa hiari yao, wameamua kukiomba.

Nianze na kilicho bora zaidi katika huduma hii, nacho si fedha. Mkulima yeyote anaweza kwenda katika ofisi ya kilimo inayohudumia kaunti yake na kuomba afisa aje kulitembelea shamba. Ziara hiyo hailipiwi, mpango wa uhifadhi unaoandikwa baada yake haulipiwi, na vyote viwili havimfungi mkulima kwa mkataba wowote. Afisa hutazama mteremko, aina ya udongo, mahali maji yanapokusanyika baada ya mvua na njia wanazopita mifugo, kisha huandika ni kazi zipi zingefaa na kwa utaratibu gani. Utamaduni huu ni wa zamani kuliko EQIP yenyewe: chimbuko lake ni idara ya kuhifadhi udongo iliyoundwa mwaka 1935 chini ya Hugh Hammond Bennett, wakati ambapo upepo ulikuwa ukiupeperusha udongo wa nyanda za kati hadi miji ya pwani ya mashariki, na jina la sasa la idara lilikuja 1994 tu. Yeyote aliyezoea hali ya kwetu, ambapo bwana shamba mmoja mara nyingi huhudumia vijiji kadhaa kwa pikipiki isiyo na uhakika wa mafuta, ataelewa kwa nini naiweka ziara hiyo juu ya hundi. Mkulima anaweza kuikataa fedha ya serikali na bado akatoka katika ofisi hiyo akiwa amefaidika.

Kuhusu fedha, sheria inaruhusu malipo ya hadi asilimia 75 ya gharama za kazi, na kwa wakulima wanaoanza, wenye kipato kidogo na waliowahi kulitumikia jeshi, kiwango kinaweza kufika asilimia 90. Mkulima anayeanza ni yule ambaye hajaendesha shamba kwa zaidi ya miaka 10 mfululizo, kwa hiyo wahamiaji wengi wanaolima katika nchi hiyo wanaingia katika kundi hili bila wao wenyewe kujua. Hata hivyo, asilimia hizo hazipigwi kwenye risiti. Kila jimbo lina jedwali la viwango la kila mwaka, linalosema uzio hulipwa kiasi gani kwa kila futi, mazao ya kufunika udongo kiasi gani kwa kila ekari, na mkulima hulipwa kwa jedwali hilo iwe ametumia zaidi au pungufu. Mwenye trekta yake na watoto wenye nguvu anaweza kukuta malipo yamekaribia kufidia kila kitu, wakati aliyemkodi fundi katika mwaka ambao bei za nondo na saruji zimepanda hubaki na pengo la kuliziba mwenyewe. Mimi naona utaratibu huu ni wa haki kuliko ule wa risiti, kwa kuwa risiti huwavutia wajanja, lakini mkulima anapaswa kuliomba jedwali mapema na kupiga hesabu kabla ya kutia saini.

Kiwango cha juu ambacho mtu mmoja au kampuni moja ya kilimo inaweza kulipwa ni dola 450,000 kwa kipindi chote cha sheria ya kilimo, ambayo hupitishwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na anayezidi wastani wa kipato cha dola 900,000 kwa mwaka kwa kawaida haruhusiwi kuingia. Hapo ndipo historia ya mpango inapoanza kunitia shaka. Sheria ya mwanzo ya 1996 iliweka kikomo cha dola 50,000 na iliwazuia wafugaji wakubwa wanaofungia mifugo yao kuomba fedha za kujengea mahodhi ya samadi. Sheria ya 2002 iliondoa kizuizi hicho na kupandisha kikomo mara tisa. Leo hii nusu ya fedha za mpango lazima ziende kwenye kazi zinazohusu mifugo, nayo kabla ya 2018 ilikuwa asilimia 60. Wapo wanaotetea jambo hili kwa kusema kwamba samadi ya ng'ombe elfu inachafua mto kuliko samadi ya ng'ombe ishirini, na kwa hiyo fedha ziende penye uchafu mwingi. Hoja hiyo ina uzito, ila inamaanisha pia kwamba mlipa kodi anamsaidia mfugaji mkubwa kuubeba mzigo ambao biashara yake yenyewe ingepaswa kuubeba, huku mwenye ekari tano za mboga akisubiri kwenye foleni ileile.

Na foleni ni ndefu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na IATP, taasisi ya utafiti wa sera za kilimo na biashara ya Minnesota, ikitumia takwimu za serikali zenyewe, ilionyesha kwamba kati ya 2010 na 2020 ni asilimia 31 tu ya walioomba EQIP waliopata mkataba. Maombi hupokelewa mwaka mzima, lakini kila jimbo huweka tarehe za kuyapanga kwa alama, na aliyechelewa siku moja husubiri raundi inayofuata. Kabla ya hapo mkulima anatakiwa awe ameandikishwa na wakala mwingine wa wizara, FSA, na kupewa namba ya shamba. Hatua hii huwakwamisha wengi wasio na hati za kutosha au wasiojua kwamba ofisi mbili zilizo katika jengo moja ni taasisi mbili tofauti. Halafu kuna sharti ambalo huumiza kuliko mengine yote: kazi isianzwe kabla ya mkataba kutiwa saini. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanabomoa ukingo wa mto mwezi wa Machi, na ambaye angeweza kuweka uzio Aprili kwa fedha zake, anajikuta akiwaacha waendelee kuubomoa hadi jibu lije, kwa sababu akianza mapema anapoteza mchango. Serikali ina sababu zake za kuliweka sharti hilo, kwani haitaki kulipia kazi ambayo ingefanyika hata bila fedha yake, lakini mtoni matokeo yake ni kinyume cha yaliyokusudiwa.

Mkataba ukishapatikana, angalau kazi moja lazima ianze ndani ya miezi 12, na kila kazi ina umri wake ambao mkulima anatakiwa kuitunza: mazao ya kufunika udongo mwaka 1, ukanda wa nyasi wa kuchuja maji miaka 10, hodhi la samadi miaka 15, uzio miaka 20. Anayevunja mkataba anaweza kudaiwa arudishe alicholipwa. Kinachosumbua ni kwamba masharti haya ya miaka mingi yanamfunga mkulima kuliko yanavyoifunga siasa. Mwaka 2022 sheria ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi iliutengea EQIP dola bilioni 8.45 za nyongeza, wakulima wakahimizwa kuomba, kisha mwanzoni mwa 2025 utawala mpya ulisimamisha kwa muda malipo yaliyotokana na sheria hiyo, wakati baadhi ya wakulima walikwisha kununua vifaa kwa kuitegemea saini ya serikali. Huduma inayomtaka mteja atangulize fedha zake na kusubiri kurudishiwa inaishi kwa kuaminiwa tu, na hapo uaminifu huo ulitikiswa.

Sasa niligeukie ziwa, kwa kuwa ndilo sababu ya fedha hizi kutajwa mbele ya watu wa mjini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ziwa Erie, lenye kina kifupi zaidi kati ya Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini. Mwezi wa Agosti 2014 wakazi wapatao laki nne wa Toledo, Ohio, na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba wala wasijaribu kuyachemsha, kwani kuchemsha huzidisha makali ya sumu iliyokuwamo. Sumu hiyo ilitokana na viumbe wadogo wanaoitwa mwani wa kijani-buluu, waliotanda upande wa magharibi wa ziwa baada ya kulishwa na fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na samadi, na sehemu kubwa ya fosforasi hiyo hushuka na Mto Maumee kutoka mashamba ya mahindi na soya ya Ohio, Indiana na Michigan. Kiwanda chenye bomba la kumwaga maji machafu hubanwa na sheria ya maji safi ya 1972, lakini maji ya mvua yanayotiririka kutoka shambani hayahesabiwi katika sheria hiyo kuwa uchafuzi wa kuombewa kibali. Kwa kuwa serikali haiwezi kumwamuru mkulima, imebaki na njia ya kumbembeleza kwa fedha, na ndiyo maana EQIP ina umuhimu kuliko ukubwa wake.

Ukilitazama bonde la Maumee kwa makini, unaona mahali huduma hii inapopwaya. Eneo hilo lilikuwa kinamasi kikubwa hadi karne ya 19, lilipokaushwa kwa mitaro na kwa mabomba yaliyozikwa chini ya mashamba, na mabomba hayo yapo hadi leo, mengi yakiwa yameongezwa na kusogezwa karibu zaidi. Kwa miongo kadhaa fedha za uhifadhi zililenga mmomonyoko, yaani fosforasi iliyoshikamana na chembe za udongo, na kwa lengo hilo zilifanikiwa: wakulima wengi waliacha kutifua ardhi, nyasi zikapandwa kandokando ya mitaro, na udongo unaofika ziwani ukapungua. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 fosforasi iliyoyeyuka kwenye maji, ambayo mwani huinyonya kwa urahisi zaidi, ilikuwa ikipanda. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Heidelberg kilichopo Tiffin, ambacho kimekuwa kikichukua sampuli za mito ya Ohio tangu miaka ya 1970, vinaonyesha hivyo. Baadhi ya watafiti wameeleza kwamba shamba lisilotifuliwa huacha mbolea iliyomwagwa ikae juu ya udongo, mvua huiyeyusha, na maji huteremka kupitia nyufa hadi kwenye mabomba ya chini. Ukanda wa nyasi ukingoni mwa shamba la namna hiyo ni kama chujio lililowekwa mdomoni mwa mtungi uliotoboka kitako.

Simaanishi kwamba wakulima walidanganywa au kwamba maafisa hawakuijua kazi yao. Ninachosema ni kwamba mpango unaolipia kazi badala ya kulipia matokeo hauna njia ya kujua mapema kwamba kazi fulani imeanza kuleta madhara upande mwingine. Hundi ya mkulima hutoka pale futi za uzio na ekari za mazao zinapohesabiwa. Hakuna anayekwenda kupima maji yanayotoka kwenye bomba lake. Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba mashamba hayavuji kwa usawa. Sehemu ndogo ya mashamba, hasa yale yaliyorundikiwa samadi kwa miaka mingi hadi udongo ukashiba fosforasi, hutoa mzigo mkubwa kuliko ekari zake, na mwenye shamba la namna hiyo si lazima awe ndiye anayekuja ofisini kuomba. Anayekuja mara nyingi ni yule ambaye tayari anapenda uhifadhi, ambaye shamba lake lilikuwa na nafuu tangu mwanzo. Idara yenyewe inalijua jambo hili, kwa sababu mwaka 2012 ilianzisha utaratibu wa kuelekeza sehemu ya fedha za EQIP kwenye mabonde madogo yaliyochaguliwa kwa ajili ya ubora wa maji, na sheria ya 2018 ikaagiza asilimia 10 ya fedha za mipango ya uhifadhi iende kulinda vyanzo vya maji ya kunywa. Hatua hizo ni nzuri, ila ni sehemu ndogo ya kapu zima.

Jimbo la Ohio liliona pengo hilo likaanzisha mpango wake mwaka 2019, H2Ohio, chini ya Gavana Mike DeWine, kwa kuanzia na dola milioni 172. Ninaupa mpango huu alama za juu kuliko EQIP katika jambo moja: ulianza na kaunti 14 za bonde la Maumee badala ya kutawanya fedha jimbo zima, na ulimtaka mkulima aandae kwanza mpango wa virutubisho, akipima udongo wake na kuonyesha mbolea na samadi anayoweka, kabla ya kulipwa kwa kazi nyingine. Miongoni mwa kazi hizo ni kuifukia mbolea chini ya udongo badala ya kuimwaga juu, jambo linalokwenda moja kwa moja kwenye tatizo la mabomba. Hata hivyo, lengo walilokubaliana majimbo ya Ohio na Michigan pamoja na Ontario ya Kanada mwaka 2015, la kupunguza fosforasi kwa asilimia 40 kabla ya 2025 kwa kulinganisha na 2008, halikufikiwa.

Anayetaka kulinganisha zaidi aitazame Maryland, ambako Ghuba ya Chesapeake inakabiliwa na tatizo la namna hiyohiyo. Jimbo hilo lina mpango wake wa kuchangia gharama tangu miaka ya 1980, na kwa mazao ya kufunika udongo limefika mbali kuliko jimbo lingine lolote kwa kiwango cha ardhi inayopandwa. Siri yake kubwa ni chanzo cha fedha cha uhakika: kwa sheria ya 2004 kaya hutozwa ada kwa ajili ya kuiokoa ghuba, ambayo wananchi waliibatiza kodi ya choo, na sehemu ya ada ya wale wanaotumia mashimo ya maji taka huenda kwa wakulima. Mkulima wa huko hahitaji kusubiri wanasiasa wa Washington wakubaliane. Jiji la New York nalo, tangu miaka ya 1990, hugharimia uhifadhi katika mashamba ya milima ya Catskill kwa sababu linanywa maji yanayotoka huko na halikutaka kujenga mtambo wa kuyachuja. Tofauti kati ya mipango hii na EQIP ni kwamba anayelipa anayajua maji anayoyalipia.

Kwa wasomaji walioko Kenya na Tanzania, ambao wameyaona magugu maji na maji ya kijani katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, swali la kawaida ni kama jambo hili linaweza kufanyika kwetu. Kwa kiasi fulani linafanyika. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanza mwaka 2015, huwasaidia wakulima wadogo wa maeneo kama Murang'a kwa utaratibu ambao ni kuchangia gharama kwa maana halisi: mkulima huchimba kidimbwi kwa jasho lake, mfuko humsaidia kupata plastiki ya kukitandika, naye hupata maji ya kumwagilia kiangazi huku akipunguza kuyachota mtoni. Mfuko huo hauendeshwi na serikali, lakini wanaonufaika kule chini, yaani mabwawa ya umeme na mabomba ya Nairobi, wanafahamika. Kwa maoni yangu sehemu ya EQIP inayofaa kuigwa kwetu ni ile ya ziara ya bure na mpango wa maandishi wa kila shamba, si ule utaratibu wa kulipwa baadaye, kwa kuwa mkulima wa nusu ekari hana wapi pa kukopa saruji akisubiri hundi.

Nani basi aitumie huduma hii huko Marekani? Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye mto unaokatiza malisho yake asisite, kwa sababu uzio, birika la kunyweshea mbali na mto na kivuko cha mawe vyote vinaweza kuchangiwa, na faida yake ni ya mifugo pia, kwani ng'ombe asiyekanyaga matope hupata maradhi machache ya kwato. Mkulima wa mboga atapata zaidi kwenye kitalu nyumba na umwagiliaji wa matone kuliko kwenye kazi za mtoni. Fedha hiyo ni halali, ingawa ziwa halitafaidika nayo sana. Mkulima wa mahindi mwenye mabomba chini ya shamba aombe mpango wa virutubisho na vizuizi vya kudhibiti maji ya mabomba, asiridhike na ukanda wa nyasi pekee hata kama ndio ulio rahisi kuidhinishwa.

Kwa wanaolima katika ardhi ya kukodi, wakiwamo wahamiaji wengi wa jamii zetu walioko huko, kuna mambo mawili ya kushughulikia kabla ya kufika ofisini. La kwanza ni kuthibitisha kwamba shamba litabaki mikononi mwao kwa muda wote wa mkataba, na kwa kazi za kujenga ni lazima mwenye ardhi aandike ruhusa. Mkataba wa kukodi wa mwaka mmoja mmoja hautoshi kwa uzio wa miaka 20. La pili ni malipo ya awali. Mkulima anayeanza au mwenye kipato kidogo ana haki ya kuomba angalau nusu ya fedha itolewe kabla ya kazi ili anunue vifaa, lakini ni lazima atamke chaguo hilo wakati mkataba unapoandaliwa, na fedha isipotumika ndani ya siku 90 hurudishwa. Kwa hiyo fundi atafutwe na bei za vifaa zikubaliwe kabla fedha haijaingia benki.